Jina la Kuvukia

20 Septemba 2010

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya dawa za Mama. Daktari alitaka niandike kidonge gani kimemezwa saa ngapi. Nimejaza kurasa tatu ndipo nikagundua kwamba Mama huvimeza vyote pamoja na chai ya asubuhi, "ili vijuane." Kwa hiyo kurasa zilizobaki ni zangu.

Leo daktari alinivuta kando mlangoni. Moyo umechoka, alisema, Krismasi tuiombee. Niliporudi ndani Mama alikuwa amesikia yote, maana macho yake yamefifia lakini masikio bado ni ya msichana.

"Attracta," aliniambia, "mwambie kaka yako aje nyumbani. Na aje kwa jina lake."

21 Septemba

Mvua.

25 Septemba

Zamu ya asubuhi kwenye uwanja wa ndege, safari ya Manchester. Mimi nakaa kwenye skrini ya eksirei. Miaka kumi na mmoja nimeyatazama mabegi ya watu wa magharibi ya Ireland yakipita juu ya mkanda, na sijachoka kustaajabu. Chuma huonekana buluu. Chochote kilichowahi kuwa hai huonekana rangi ya machungwa: mkate, kitabu cha sala, soseji za damu ambazo kila mama humfungashia mwanawe kana kwamba Waingereza hawachinji nguruwe. Naona mtu alivyopendwa kabla sijauona uso wake.

Leo begi la msichana mmoja lilikuwa na kitu kizito, machungwa matupu, ukubwa wa tofali. Hicho ndicho tulichofundishwa kukiogopa, maana baruti nayo huonekana hivyo. Nikasimamisha mkanda. Concepta Moran, anayepekua watu langoni, akafungua begi. Kumbe ni kipande cha udongo mweusi wa kinamasi, huu tunaouchoma mekoni, kimeviringishwa kwenye taulo.

"Na hiki, mpenzi, unakwenda kujengea nini?"

"Baba yuko hospitali kule Leeds. Anataka kunusa moshi wa kwao."

"Hospitali watakuruhusu uwashe moto?"

"Basi ataunusa udongo wenyewe, mkavu."

Concepta aliufunga tena kwenye taulo, vizuri kuliko alivyoukuta.

Jambo linalonishangaza kuliko yote ni hili. Ukishuka kule Manchester ukitokea kwetu, unatembea tu mpaka nje. Hakuna dawati, hakuna anayekuuliza wewe nani. Ukirudi huku kuna dawati na mstari wa njano sakafuni, na nyuma ya dawati kuna polisi wetu Fachtna Durcan. Nchi mbili zilizopigana miaka yote ile, na sheria inasema watu wake wapite bila pasipoti. Lakini ndege yenyewe haikupandishi bila kitambulisho chenye picha. Ukilifikiria sana jambo hili unaweza kuumwa kichwa.

3 Oktoba

Jumapili. Malachy alipiga simu baada ya misa kama kawaida yake.

Niandike habari yake sawasawa, maana karatasi haijui. Malachy ni kaka yangu mkubwa. Mwaka 1971, akiwa na miaka kumi na minane, alikwenda Coventry kuchimba barabara. Jirani yetu Tom Kerrigan alikuwa amerudi kutoka huko, amechoka, akamwachia karatasi zake za kazi, jinsi wanaume wa huku walivyokuwa wakiachiana makoti. Msimamizi aliandika jina alilolikuta kwenye karatasi, na mtu akaanza kazi Jumatatu bila maswali. Malachy akawa Tom kwa wiki moja, halafu mwezi, halafu miaka thelathini na tisa.

Desemba 1976 alikuwa anarudi nyumbani kwa Krismasi kwa meli. Ulikuwa wakati wa mabomu, na polisi wa bandari kule Uingereza walikuwa na sheria mpya mkononi. Walimpekua. Mfukoni wakakuta kadi ya Tom Kerrigan na barua ya Mama iliyoanza "Mwanangu Malachy." Mtu mmoja, majina mawili, na lafudhi yetu. Walimshikilia siku sita. Walipomwachia hawakumshtaki kwa lolote, lakini Krismasi ilikuwa imepita na meli imeondoka. Alirudi Coventry na hajavuka bahari tena. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nakumbuka kiti chake mezani.

Mama alikwenda kumwona mara moja, mwaka 1988. Watu walimwita Tom mbele yake, naye akaitika. Aliporudi alisema hakumzaa Tom, na tangu siku hiyo hajaigusa simu. Kila Jumapili hukaa jikoni, mimi nikimaliza kuongea huuliza, "Amesemaje?" Basi.

Leo nilimwambia Malachy moja kwa moja.

"Mama anataka uje."

Nikasikia anavyopumua. Mgongo wake ulivunjika alipoanguka kwenye jukwaa la ujenzi, na tangu hapo hata kupumua anafanya kwa mpango.

"Bandari ile siikanyagi, Attracta."

"Nani kataja bandari? Panda ndege. Safari ni ya saa moja na dakika kumi. Hujamaliza chai, umefika."

"Na jina gani?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Nina kadi ya basi ya walemavu," akasema. "Ina sura yangu na jina la Tom. Ndege wataikubali, nimeshawauliza. Lakini sitasimama mlangoni kwetu nikajiita Tom Kerrigan. Walishaniuliza mara moja mimi ni yupi kati ya wawili, na siku sita sikuwa na jibu. Nitakuja na jina langu au siji."

"Basi tuombe pasipoti."

"Basi omba wewe uliyesoma. Mimi natafuta miwani."

"Amesemaje?" Mama akauliza.

"Anakuja," nikasema. Mungu anisamehe.

4 Oktoba

Fomu ya pasipoti. Kurasa nne na kila moja ina kiburi chake.

9 Oktoba

Nimegombana na Fachtna Durcan.

Bi Dympna wa kilimani, miaka themanini na miwili, alirudi kutoka harusi ya mjukuu wake kule Leeds. Fachtna amekula kwa Bi Dympna tangu hajaota meno. Alipofika kwenye mstari wa njano Fachtna alinyoosha mkono: "Kitambulisho, tafadhali, Bi Dympna." Anamtaja kwa jina na bado anamuuliza yeye nani! Mama wa watu akafukua mkoba dakika tano, leso, tasbihi, pipi za kikohozi, mpaka kadi ikapatikana.

Wakati wa chai nilimfuata. "Wewe una moyo au una mhuri humo kifuani?"

"Mhuri sina. Hapa hatugongi mihuri."

"Unamjua Bi Dympna!"

"Namjua. Na nyuma yake alikuwa yule nesi Mhindi wa hospitali ya wilaya. Simjui. Nikiwaacha ninaowajua na kuwauliza nisiowajua, nitakuwa nauliza nini hasa, Attracta? Rangi?"

Nilimwambia chai yake imepoa. Ilikuwa haijapoa.

17 Oktoba

Upepo mkali, ndege ya Luton ilizunguka angani mara mbili kabla ya kutua. Abiria waliposhuka walikuwa wapole kama watu waliotoka kuungama.

Kikundi cha mahujaji waliokuja kusali huku kimerudi Glasgow leo, akina mama thelathini, kila mmoja na maji ya baraka kwenye chupa yenye umbo la Bikira Maria. Sheria ya majimaji haimjui Bikira Maria. Kinachozidi mililita mia hakipandi.

"Mnamtupa Mama wa Mungu?" mmoja akamfokea Concepta.

"Hatumtupi, mama. Tunabaki naye."

Na ni kweli. Hakuna mtu kwenye zamu yetu anayethubutu kumwaga maji ya baraka kwenye takataka. Tunayo ndoo ya maziwa yenye mfuniko, karibu na kizima moto, na humo ndimo tunamomiminia. Kila Ijumaa Fachtna huibeba ndoo na kuirudisha tupu. Concepta anasema anayauza. Mimi nasema anaoshea gari, ndiyo maana halijaharibika tangu mwaka tisini na tano.

22 Oktoba

Fomu imekwenda. Cheti cha kuzaliwa tumekipata, picha Malachy amepiga. Nilipoiona nilikaa kitako kwenye ngazi. Ana uso wa Baba.

29 Oktoba

Ijumaa. Ukungu, ndege zote za alasiri zimefutwa, nikarudi nyumbani mapema. Nje ya mlango lilikuwepo gari la Fachtna. Jikoni alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, na sare yake yote, akimimina maji kutoka kwenye ile ndoo kwenye chupa za Mama.

"Usimwage," Mama alikuwa akimwambia, "wewe toka shuleni una mikono ya siagi."

Miaka miwili! Kila Ijumaa huyaleta maji. Mama huyanyunyiza kwenye dirisha la mashariki kwa ajili ya Malachy, na yanayobaki Fachtna huyapeleka makaburini.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza Mama.

"Hukuuliza."

Nilimpa Fachtna chai, na safari hii niliipasha. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye na Malachy walikaa dawati moja. Siku ya kipaimara, alisema, viatu vyake vilitoboka, Malachy akamvulia vyake na yeye mwenyewe akaenda mbele ya askofu na vya Baba, vikubwa, vikigonga sakafu kanisa zima. Alivyokuwa akisimulia nilimtazama mtu huyu niliyefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, nikaona kwamba nilikuwa namjua kofia tu.

Nikaona ndiyo nafasi. "Fachtna, pasipoti ikichelewa, akija na kadi yake ya basi, ile yenye jina la Tom, utamfanyaje?"

Aliweka kikombe chini. "Tom Kerrigan nilibeba jeneza lake. Bega hili hapa. Mtu akinipa kadi yake nitamuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu."

"Hata Malachy?"

"Hata Malachy."

Nimerudisha hasira yangu yote, na riba.

2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Padri alisoma majina ya wafu wa parokia, kama kila Novemba. Alipofika "Thomas Kerrigan" Mama alinishika mkono kwa nguvu. Watu wote waliinamisha vichwa kumwombea Tom apumzike, na mimi nilikuwa nawaza kwamba saa hiyo hiyo Tom yuko Coventry anachemsha yai. Sikujua nimwombee nani, nikawaombea wote wawili kwa jina moja.

12 Novemba

Fomu imerudi. Wanataka ithibati mbili kwamba mwombaji ametumia jina hili: barua ya benki, bili, kadi ya kliniki. Hawakukosea, kanuni ni kanuni. Lakini ithibati za Malachy Gildea hazipo duniani. Benki ni Tom. Bili ya taa ni Tom. Mgongo uliovunjika, kwenye mafaili ya hospitali, ni wa Tom.

Nikakumbuka barua. Mama alimwandikia kila mwezi! Nikampigia Malachy nikipiga kelele kwa furaha.

"Barua ninazo zote, isipokuwa zile za mwanzo nilizozichoma," alisema polepole. "Lakini hazina jina, Attracta. Hujui? Tangu ile ya mwaka sabini na sita hajaandika jina langu tena. Bahasha ni namba ya nyumba tu. Ndani anaanza na hali ya hewa."

Nilimkuta Mama anamenya viazi kwa kupapasa. Nikamuuliza ni kweli.

"Barua yangu ndiyo iliyomfunga," alisema. "Ningeandika ya pili ya nini?"

Tumekaa, tumemenya viazi vya watu ishirini.

15 Novemba

Nimetuma tena, na maelezo marefu, na barua za padri na mwalimu mkuu wa zamani.

20 Novemba

Vijana wanaondoka tena. Leo wanane kwenye ndege moja ya Luton, mabegi mapya, soseji mpya. Wanapita wakicheka mpaka kwenye kona ya duka, na pale kwenye kona kila mmoja hugeuka nyuma. Siku zote huwa pale pale. Ningeweza kuchora alama sakafuni.

28 Novemba

Theluji! Usiku mmoja tu na kinamasi chote kimekuwa cheupe mpaka baharini. Concepta, aliyezaliwa hapa hapa, anasema hajaiona ya namna hii. Tulisimama dirishani kama watoto wa chekechea, na Fachtna nyuma yetu na kikombe chake. Hakuna ndege iliyokuja na hakuna aliyelalamika kwa saa nzima.

4 Desemba

Theluji. Pasipoti bado.

8 Desemba

Theluji. Pasipoti bado. Fachtna anastaafu mwisho wa mwezi. Concepta anakusanya sahihi kwenye kadi. Nimesaini kwa herufi ndogo.

14 Desemba

Mama ana kikohozi kipya, cha chini. Daktari alikuja kwa trekta ya jirani. Alisikiliza kifua, akafunga begi lake bila utani, na yeye ni mtu wa utani.

16 Desemba

Nilimpigia Malachy, ingawa si Jumapili. Nikamwambia habari ya kikohozi. Nikamwambia pasipoti haitawahi.

Nikasikia anaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Ninunulie tiketi. Jina la Tom."

"Malachy..."

"Nunua kabla sijafikiri."

Nikamgeukia Mama. "Anakuja. Lakini anakuja kama Tom, Mama. Hakuna njia nyingine."

Nilidhani atakataa. Alivuta blanketi mpaka kidevuni. "Aje," alisema. "Mlangoni tutaona."

18 Desemba

Uwanja umefungwa. Barafu.

19 Desemba

Umefungwa.

20 Desemba

Umefungwa. Tangazo la redio linataja viwanja vya Uingereza kimoja kimoja, na kila kimoja kimefungwa. Mama anauliza, "Wamesemaje?" kama zamani alivyouliza, "Amesemaje?"

21 Desemba

Mama hakula. Umefungwa.

22 Desemba

Wamefagia njia ya ndege tangu alfajiri. Mashine mbili na wanaume kumi na wawili na makoleo, na mmoja wao alikuwa Fachtna, amevua kofia. Hakuna aliyemwagiza. Nilimpelekea chai pale pale kwenye barafu, akainywa, akanirudishia kikombe. Ndege ya Birmingham imepewa ruhusa ya kesho mchana. Malachy yumo.

Sijamwomba Fachtna chochote. Nilitaka. Maneno yalifika mdomoni, nikamkumbuka yule nesi nyuma ya Bi Dympna, yakarudi yalikotoka.

23 Desemba

Niandike kabla sijasahau hata punje.

Daktari alimkataza Mama asitoke. Mama alisema akibaki kitandani atakufa kwa hasira, na daktari achague ugonjwa anaotaka kuuandika. Tulimfunika mablanketi manne, Concepta akaleta kiti cha magurudumu cha abiria, tukamweka ukumbini nyuma ya milango ya kioo. Mimi kwa kitambulisho changu cha kazi naruhusiwa kuingia ndani, nikasimama pembeni ya dawati, karibu na nguzo.

Saa saba na nusu ilishuka. Kwanza sauti tu, ndani ya wingu, halafu taa mbili, halafu ndege nzima ikatoka kwenye weupe na kugusa chini. Nimeona ndege zikitua mara elfu ngapi? Kwamba kitu kizito vile kinaweza kumchukua mtu aliyekwama miaka thelathini na minne na kumleta kabla chai haijapoa!

Abiria walikuja wamejipanga. Familia na mtoto aliyelala. Wanafunzi. Yule nesi Mhindi, anarudi kwa zamu ya Krismasi. Fachtna aliomba vitambulisho vyao wote, na kila mmoja alimtakia sikukuu njema. Na mwisho kabisa, mtu mmoja kwa magongo mawili, koti refu, uso wa Baba.

Alifika kwenye mstari wa njano akasimama. Akatoa kadi ya basi. Akaiweka juu ya dawati.

Fachtna aliitazama kadi. Akamtazama yeye. Sijui nani kati yao alikuwa amezeeka zaidi.

"Habari za mchana. Hii kadi ni yako?"

"Wamenitengenezea mimi."

"Wewe ndiye Thomas Kerrigan?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo, na milango ifunguke. Niliuma kidole. Sema ndiyo, mjinga wewe, sema, Mama yuko hatua ishirini.

"Hapana," alisema Malachy. "Tom mnajua mlipomlaza. Mimi ni Malachy Gildea."

"Unayo karatasi yoyote yenye jina hilo?"

"Sina hata moja."

Fachtna aliweka kalamu chini, akaisawazisha na ukingo wa kitabu chake cha zamu. "Simama hapo hapo," alisema. "Usivuke, na usirudi nyuma."

Kisha aliinuka. Miaka kumi na mmoja sijawahi kumwona akiacha dawati mtu akiwa kwenye mstari. Alifungua milango ya kioo, akamwendea Mama, akashika kile kiti mwenyewe na kumsukuma mpaka ndani, akamsimamisha upande wetu wa mstari. Abiria waliokuwa wakichukua mabegi walisimama. Hata mtoto aliamka.

"Bi Winifred Gildea," alisema Fachtna kwa sauti ya kazi, "nakuuliza kwa kazi yangu, si kwa ujirani. Sheria inataka niridhike mtu huyu ni nani. Wewe unamfahamu?"

Mama aliinama mbele. "Naona koti," alisema. "Wewe. Sema kitu."

"Ni mimi, Mama."

Mama akasikiliza. Nikaona uso wake unafungika. Akatikisa kichwa. "Huyo ni mtu wa Coventry," alisema.

Sauti aliyoondoka nayo ilikuwa ya kijana, na hii Uingereza ilikuwa imeshaitafuna. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni yeye, ni yeye, lakini mimi sikuulizwa. Fachtna hakumsaidia wala hakumharakisha. Alingoja.

Malachy alibana magongo kwapani. Akainua kichwa, akavuta pumzi ambayo nilidhani itamvunja mgongo mara ya pili, akaita ng'ombe.

Kila nyumba ya huku ina mwito wake, ili ng'ombe wakitoka malishoni pamoja kila mmoja ajue kwao. Wetu unaanza chini, unapanda, unakatika katikati, na mwisho unavutwa mpaka mtu aishiwe. "Prúú... prúú-hói... hóóói!" Sijausikia tangu Baba alipokufa. Ulijaza ukumbi, ukagonga kioo, ukarudi. Mtu mmoja alicheka na mwenzake akamziba mdomo.

Mama alikuwa ameshika mikono ya kiti kama anayetaka kusimama.

"Malachy!" alisema kwa ukali. "Na lango umelifunga?"

"Nimelifunga, Mama."

"Maana huwa hufungi."

"Leo nimelifunga."

"Ni mwanangu," Mama alimwambia Fachtna. "Malachy. Wa kwanza. Mwandike."

Fachtna alirudi nyuma ya dawati. Alichukua kalamu, akaandika, na alivyokuwa akiandika alitamka ili wote tusikie: "Hana karatasi. Ametambuliwa na mama yake mzazi. Nimeridhika." Akamgeuzia Malachy kitabu na kumwonyesha mstari mtupu.

"Weka sahihi," alisema. "Jina lako."

Malachy alishika kalamu. Aliandika herufi ya kwanza akasimama, nami nikaona mkono unataka kwenda kwingine, kule ulikozoea. Akaurudisha. Aliandika herufi moja moja, ulimi nje kidogo, mama yake na polisi na nesi na mtoto wa watu wakimtazama. Alipomaliza alilisoma kwa sauti ya chini, mara mbili. Kisha akamuuliza Fachtna kama anaruhusiwa kuliandika tena.